Jiwe jeusi la Katanga: kabla hujauliza bei

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wa Katuba aliniandikia: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), niko na kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani, cha kilo saba. Niambie bei tu, hadithi za maabara sitaki." Ujumbe wa namna hiyo umenijia kwa wingi tangu Julai 2025, pale jiwe la sayari ya Mars lililookotwa Niger, lenye jina rasmi NWA 16788 (NWA ni kifupi cha Northwest Africa) na kilo 24.67, lilipouzwa mnadani New York kwa takriban dola milioni 5.3. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu hapa Lubumbashi, na tangu siku hiyo hakuna jiwe jeusi linalolala kwa amani. Ninajibu hapa kwa wote, na nitajibu kirefu, kwa sababu jambo hili limeniharibia undugu.

Kwanza habari ya Niger isomwe mpaka mwisho. Jiwe lile lilikuwa limekwisha kupimwa na kupewa jina kabla halijafika mnadani. Baada ya mnada, serikali ya Niger ilifungua uchunguzi kujua lilitokaje nchini, ikasimamisha usafirishaji wa mawe ya thamani na vimondo. Tena lilikuwa jiwe la Mars, na kati ya vimondo zaidi ya 70,000 vyenye jina rasmi, vya Mars ni mia chache tu. Kondriti ya kawaida, aina ya kimondo cha mawe inayoanguka mara nyingi kuliko nyingine zote, ikitoka jangwani huuzwa kwa dola chache kwa gramu, mara nyingi chini ya dola moja. Kilo saba za kondriti iliyoliwa na kutu hazikujengei nyumba kule Golf, mtaa wa wenye pesa.

Sasa tuje nyumbani. Sisi wa Lubumbashi tumezaliwa katikati ya mawe meusi. Shaba imeyeyushwa hapa tangu 1911, na mlima ule mweusi karibu na shemine (bomba la moshi) ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni masalia ya tanuru, ule uchafu unaobaki shaba ikishayeyushwa. Marehemu baba alikuwa mtu wa tanuru. Tulipokuwa watoto tukimletea vipande vinavyong'aa, alikuwa anavipasua kwa nyundo na kutuonyesha ndani: vitundu vya mapovu, vidogo kwa vikubwa. "Hiki kimechemka," alikuwa akisema. Kimondo cha kawaida hakina mapovu ndani. Hata ukienda mbali na mji, vijijini, mkulima anayelima muhogo anaweza kuinua masalia ya zamani zaidi, kwa sababu wazee wetu waliyeyusha shaba na chuma karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Kwa hiyo kwetu Katanga mtu anayetafuta jiwe la mbinguni lazima ayajue kwanza mawe ya tanuru. Nasema lazima, kwa sababu masalia ya shaba yana uzito unaokaribiana na wa kimondo cha mawe. Mkono peke yake hauwezi kuyatofautisha.

Nije kwenye jambo lenyewe. Baba mdogo aliniita kijijini, upande wa Kasenga. Familia ilikuwa na jiwe lililolala nyuma ya ghala kwa miaka mingi, zito, jeusi, linavuta sumaku, na mama mkubwa alikuwa akisimulia kwamba liliangushwa na radi. Nilikwenda na mzani wa kuning'iniza, kamba, tupa na kipande cha karo, yaani kigae cha sakafuni. Ndoo ya maji niliikuta huko huko. Watu walijaa uani.

Nikalipima likining'inia hewani, halafu nikalipima tena likiwa limezama lote kwenye maji bila kugusa ndoo. Ukichukua uzito wa hewani ukaugawanya kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili, unapata densiti, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji. Kimondo cha mawe huangukia karibu 3.3 hadi 3.7. Kimondo cha chuma hupanda mpaka 7.5 au karibu 8. Jiwe la baba mdogo lilivuka 5 kidogo, na hapo mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwenye madini ya chuma ya ardhini. Nikalisugua mgongoni mwa karo, upande usio na rangi ya kung'aa. Likaacha mstari mwekundu wa kahawia. Hiyo ni hematiti, pamoja na manyetiti kidogo iliyokuwa inavuta sumaku. Nikatoa pembe moja kwa tupa, nikaangalia kwa lenzi: hakuna hata chembe moja ya chuma inayometa. Hakukuwa na ganda jeusi jembamba la kuungua, wala vile vibonyeo laini ambavyo kimondo hubaki navyo kikitoka hewani, kama unga wa ngano uliobonyezwa kwa kidole gumba.

Niliwaambia ukweli hapo hapo, mbele ya wote, kwa heshima. Ukimya ulioshuka siutaki tena maishani. Jioni maneno yakaanza: huyu anataka kulishusha bei alinunue yeye, amekuja na vitu vya mjini kutufunga macho. Mimi, mtoto wao!

Baada yangu alikuja mfanyabiashara. Yeye aliligusa tu, akatikisa kichwa, akasema ni kimondo safi, lakini yanahitajika makuta, yaani pesa, ya karatasi na ya mashine ya kupimia. Mbuzi wakauzwa. Akaondoka na makuta na jiwe, simu ikazimwa. Lawama zikarudi kwangu, eti ningeleta mnunuzi mapema yasingetokea. Mpaka leo tukikutana kwenye kilio, baba mdogo ananipita. Inauma, na sitasema haiumi.

Lakini sikuacha. Kisanduku changu leo kina vipande vyenye majina. Kipo kipande cha kondriti ya Sahara chenye namba yake ya NWA, ukikikata unaona kondruli, vile vipunje vya duara vilivyoganda kabla dunia haijakuwa dunia, na kandokando yake chembe za chuma. Kipo cha Muonionalusta, chuma kutoka kaskazini mwa Uswidi, ambacho dada yangu alininunulia akiwa Brussels. Uso wake umeoshwa kwa asidi na unaonyesha mistari iliyopishana ya Widmanstätten. Mistari hiyo hujichora pale chuma chenye nikeli kinapopoa polepole mno, mamilioni ya miaka, ndani ya tumbo la asteroidi, zile gimba za mawe na chuma zinazozunguka jua. Niliwaonyesha wazee waliofanya kazi na baba. Watu wale wanaijua metali kuliko mimi, na walikiri kwamba hakuna tanuru waliloliona linalotoa kitu hicho. Siku hiyo nilitembea kifua mbele, na sioni aibu kusema.

Nilipanda pia lori la jamaa anayepeleka shaba Dar es Salaam, nikashuka baada ya Tunduma kwenda kukiona kimondo cha Mbozi: tani kama 16 za chuma, kimekaa pale kwenye kilima, kimehifadhiwa na nchi. Malori yetu yanapita jirani yake kila siku. Vijana, kama mna ndugu dereva, nendeni mkakiguse. Utajifunza kwa mkono wako kitu ambacho picha mia za simu hazikufundishi.

Basi sikieni. Jiwe halina bei mpaka liwe na jina. Jina hutolewa na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, baada ya maabara kulichunguza, na sehemu ya jiwe, gramu 20 au asilimia 20 kwa jiwe dogo, lazima ibaki kwenye taasisi ya kuhifadhi. Ukikataa kukatiwa kipande hicho, umekataa jina. Na anayekuambia ulipe kwanza ndipo akutambulie jiwe, mfukuze uani. Ninarudia: mfukuze. Wala usivuke mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia na jiwe kwenye begi bila karatasi za serikali. Namibia na Afrika Kusini wanavilinda vimondo vyao kwa sheria, na sisi tujifunze kuheshimu vya kwetu kabla havijatutoka.

Kuhusu kuokota kilichoanguka zamani, Katanga si Sahara. Vimondo huanguka huku kama kwingine, ila mvua zetu, nyasi ndefu na udongo mwekundu hukila chuma na kukificha. Tumaini letu kubwa ni kinachoanguka leo. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha mchana, kipande kimoja kidogo kikapita kwenye jani la mgomba na kumgusa kijana kichwani bila kumuumiza. Thika, Kenya, Julai 2011, wanakijiji ndio waliookota. Watu kama sisi.

Ukiona moto mkubwa angani, simama pale pale. Andika saa, upande ulikotoka na ulikoishia ukilinganisha na mti au paa, na hesabu sekunde mpaka mlio ukufikie. Waulize na wengine walikosimama. Ukilipata jiwe, usitarajie liwe linaunguza, kwa kawaida halianguki likiwaka. Piga picha mahali lilipolala kabla ya kuligusa, ukiweka sarafu au kalamu pembeni. Usilioshe, usilikate, na ile sumaku kali ya spika iweke mbali, maana inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo wanasayansi wanaitafuta. Lifunge kwenye foili, litie kwenye mfuko mkavu, kisha uniandikie siku hiyo hiyo, maana mvua moja ya Novemba inatosha kuanza kutia kutu chembe zake za chuma.