Kwa mkalimani mpya anayeitwa kwenye kesi ya dereva kiziwi na polisi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ukalimani wa lugha ya alama hapa Marekani, wengine mkitokea Dar, wengine Nairobi na Bujumbura, swali mnaloniuliza sana ni hili: nikiitwa kwenye kesi ya kiziwi aliyesimamishwa barabarani akaishia kupigwa, niende? Nenda. Ila usiende mikono mitupu. Nipo North Carolina mwaka wa kumi na moja sasa, na haya nimeyajua kwa kukosea. Visa vyangu nimevibadilisha vitu vidogo ili mwenyewe asitambulike.

Ukipewa video ya kamera ya kifuani ya askari, iangalie mara ya kwanza bila sauti. Mimi sikufanya hivyo. Niliitwa ofisini kwa wakili kumkalimania mzee mmoja, fundi seremala, aliyevutwa kutoka ndani ya gari akavunjika bega. Ripoti ilisema "dereva alikataa kutii amri mara nne". Nikaitazama video ikiwa na sauti. Askari anapiga kelele, toka nje, toka nje, na mimi, ninayejua fika kwamba mzee hasikii, nikajikuta moyoni nasema: sasa huyu hatoki kwa nini? Sauti ile ilikuwa imenibeba. Usiku nikairudia nikiwa nimezima spika, na nikaona kitu kingine kabisa. Mwanga wa tochi unagonga kioo. Mzee anakunja uso. Mkono wa kulia unaacha usukani, kidole kinakwenda sikioni, halafu kiganja kinapepea: hapana, hapana. Askari wakati huo ameinamia redio ya begani. Mlango unafunguliwa, mkono wa mzee unavutwa. Haikufika nusu dakika.

Kesho yake nilipomwashiria ile sentensi ya ripoti, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwa mikono: "Mimi niliona tochi. Tochi haina mdomo."

Mwanga ukimpiga kiziwi machoni, midomo haisomi na alama haioni. Na hata mchana kweupe, usidanganywe na sifa za kusoma midomo. Sauti nyingi za Kiingereza hufanana mdomoni, na mtu mwenye hofu husoma kidogo zaidi.

Sasa sheria, maana usipoijua hutajua ni neno gani la kulishika kwa makini. Kipimo cha nguvu za polisi hapa kilitoka mji huu huu wa Charlotte. Novemba 1984, Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, alihisi hali inambadilika, akamwomba rafiki yake ampeleke dukani anunue juisi ya machungwa. Akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Askari mmoja, Connor, akaona mtu anayeingia na kutoka dukani haraka, akawafuata na kuwasimamisha. Graham akafungwa pingu kwa nyuma. Akawaomba waangalie pochi yake, mna kadi inayoonyesha ana kisukari. Wakamwambia anyamaze, wakamgongesha uso kwenye boneti. Juisi ililetwa, wakakataa kumpa. Alivunjika mguu, na alidai sikio lake la kulia lilibaki likivuma. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, kwa alichokijua wakati ule, wala si kwa yaliyojulikana baadaye.

Someni tena hayo maneno: kwa alichokijua wakati ule. Kesi nyingi za viziwi na polisi husimama au kuanguka hapo. Ni sekunde gani askari alijua, au ishara zilikuwa wazi kiasi cha kumfanya ajue, kwamba mbele yake yupo asiyesikia? Ndiyo maana mzee akiashiria "nilionyesha sikio, kisha akanishika", huna ruhusa ya kukalimani "nilimwonyesha sikio aliponishika". Mpangilio wa vitendo ndio ushahidi wenyewe. Ukiteleza hapo, kwa ulimi wako umempa askari sababu ambayo hakuwa nayo, au umempokonya iliyo haki yake. Huna upande katika chumba kile. Una usahihi tu, na usahihi huo ni mzito kuliko utetezi wowote unaotamani kuufanya.

Agosti 2016, hapa hapa Charlotte, askari wa doria ya barabara kuu ya jimbo alimfukuza kijana kiziwi wa miaka 29 kwa madai ya mwendo kasi, na mwisho akampiga risasi karibu na nyumbani kwake. Hakuwa na silaha. Mwendesha mashtaka wa kaunti aliamua askari asishtakiwe. Viziwi wa mji huu bado wanaitaja habari hiyo ninapokaa nao, na wengi wananiuliza kuhusu kadi.

Kadi yenyewe ni ile inayokaa kwenye kibao cha kukinga jua, imeandikwa "dereva ni kiziwi". Mwambieni kila mtu awe nayo, lakini mwambieni ukweli mzima. Januari 2014, Oklahoma City, dereva kiziwi wa miaka 64, naye mgonjwa wa kisukari, alipigwa na askari wa barabara kuu ilhali gari lake lilikuwa na tangazo kwamba dereva hasikii. Na Graham alikuwa na kadi pochini. Kadi inasaidia ikionekana kabla mkono haujaondoka kwenye usukani. Kiziwi anayechakura droo ya dashibodi kuitafuta anaonekana kwa askari kama mtu anayetafuta kitu kingine. Taa ya ndani iwashwe, vidole kumi juu ya usukani, askari aje mwenyewe. Naumia kila ninapowafundisha hivi, maana ni kama tunamkabidhi asiyesikia kazi ya kumtuliza mwenye bunduki. Hata hivyo nafundisha.

Jambo jingine ni kuitikia kwa kichwa. Kiziwi akiitikia, mara nyingi anasema "naona unaongea, endelea". Kwenye ripoti huwa "alikiri". Wakati wa kusomewa haki zake, haki ya kunyamaza na haki ya wakili, usikubali kichwa kiwe jibu. Mwombe askari amtake aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Ukikalimani kituoni, usichukue kazi ya mahakamani katika shauri hilo hilo, kwa sababu unaweza kuitwa wewe kuwa shahidi.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inawabana polisi wa jimbo na wa mji. Hawawezi kumwambia mtu alete mkalimani wake, wala kumtumia mtoto wake isipokuwa kwenye dharura yenye hatari ya maisha na hakuna mkalimani. Pale barabarani, mambo yakiwa ya moto, mahakama zimegawanyika kuhusu swali la sheria hiyo inafika wapi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilipata nafasi ya kulijibu ikaliacha. Kituoni hakuna kisingizio. Na ukifika ukamkuta kafungwa pingu kwa nyuma, jueni amefungwa mdomo. Mimi huomba zihamishiwe mbele kabla hata sijasaini karatasi ya saa.

Kuhusu uwajibikaji, msiwape watu matumaini ya uongo. Mashtaka ya jinai dhidi ya askari ni haba. Njia inayotumika zaidi ni kesi ya madai chini ya sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa wakati wa ugaidi wa Ku Klux Klan, lakini askari ana kinga ikiwa haki aliyoivunja haikuwa imeshawekwa wazi na mahakama. Wakati mwingine ushindi wa kwanza ni kufutwa mashtaka ya aliyepigwa. Phoenix, Agosti 2024, mtu mweusi kiziwi mwenye mtindio wa ubongo alipigwa na askari kwa ngumi na bunduki ya umeme, kisha akashtakiwa yeye kwa kushambulia askari. Video ilipoonekana hadharani Oktoba, mwendesha mashtaka aliyafuta yote.

Mwisho, ombeni mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi mfanye naye kazi. Msione aibu. Wapo viziwi waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma bila shule, wana alama za nyumbani tu, na alama za Kiamerika wamezidokoa kazini. Mmoja wao, mfanyakazi wa kiwanda cha kuku, alishtakiwa kwa kumkimbia askari maili nzima. Mimi nilihangaika naye saa nzima bila kupata la maana. Mwenzangu kiziwi alipofika, akamwaga sarafu mezani. Sarafu kubwa gari lake, ndogo gari la askari, ukingo wa karatasi barabara. Akamsukumia.

Yule kijana akaisogeza sarafu yake polepole, polepole sana, huku anaangalia nyuma na kuonyesha taa za kuashiria zinawaka. Alipita sehemu yote yenye giza. Akafika kwenye kifuniko cha chupa alichokuwa amekiweka mwenyewe, akakigonga kwa kidole, akafungua viganja vyote juu ya kichwa: taa za kituo cha mafuta. Akasimamisha sarafu hapo. Kisha akauzungusha mkono mbele ya uso wake. Alitaka mahali penye mwanga, auone uso wa askari.