Makro ya ImageJ inaruka picha, tatizo ni nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina picha 12 za seli nimezifungua zote kwenye ImageJ (programu ya kuchakata picha), nimeandika makro (amri za kujiendesha) yenye lupu, yaani mzunguko unaojirudia, ya kuondoa mwanga wa nyuma, kuhifadhi na kufunga kila picha. Inaishia 6 tu, zingine zinabaki wazi na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Nikirun tena zinabaki 3!

JIBU: Nzuri dada. Makro yako haijakosewa herufi hata moja, ndo maana hulalamikiwi. Shida iko hapa: lupu yako inaendelea mradi i <= nImages (i ni namba ya mzunguko), na nImages siyo namba iliyotulia, ImageJ inahesabu upya kila mzunguko picha ngapi ziko wazi SASA HIVI. Ukifunga ya kwanza zinabaki 11 na zote zinasogea mbele, iliyokuwa ya pili inakuwa ya kwanza, halafu lupu yako inaenda kuchukua namba 2 ambayo kumbe ni ile ya tatu. Weka print(getTitle()) ndani ya lupu utaona mwenyewe: seli01, seli03, seli05... mpaka seli11. Zenye namba shufwa hazikuguswa kabisa.

Dawa yake, kusanya ID (namba za utambulisho) za picha zote kwanza kabla hujagusa chochote, ndo uanze kazi:

folda = getDirectory("Chagua folda ya matokeo");
n = nImages;
orodha = newArray(n);
for (i = 0; i < n; i++) {
  selectImage(i + 1);
  orodha[i] = getImageID();
}
for (i = 0; i < n; i++) {
  selectImage(orodha[i]);
  // kazi yako hapa
  saveAs("Tiff", folda + getTitle());
  close();
}

Usishtuke ukiprint hizo ID ukakuta ni namba hasi, ndivyo zilivyo, na hapo ndo uzuri wake: selectImage ikipewa namba chanya inatafuta picha kwa nafasi yake kwenye foleni, ikipewa hasi inajua ni ID na inaenda kwa picha yenyewe hata foleni ikivurugika vipi. Kuna watu wanatumia jina la dirisha, mi sishauri, maana ukiwa na picha mbili zenye jina moja kutoka folda tofauti huwezi kujua itashika ipi.

Na hiyo n usiifute ukaona haina kazi. Siku ukiweka amri ya kunakili picha ndani ya lupu inayotegemea nImages moja kwa moja, bila orodha na bila kufunga picha, nImages itakuwa inaongezeka moja kila mzunguko na i nayo inaongezeka moja, haifiki mwisho mpaka memori ijae.

Jambo la mwisho, tafadhali sana: ukiulizwa folda chagua mpya tupu, siyo ile yenye picha zako za hadubini, kwa sababu majina ni yaleyale na saveAs ndani ya makro inaandika juu ya faili la zamani bila kukuuliza. Data ghafi ikishaandikwa juu hairudi, itabidi urudi maabara upige picha upya kama sampuli bado ipo.