Kwa dada anayehofia kuwa mama mchungaji: maisha ya mama yangu mkoani Kagera

Bwana Yesu asifiwe, dada yangu. Umeeleza kwamba mchumba wako anamaliza masomo ya uchungaji, kwamba huenda akapangiwa usharika wa kijijini, na kwamba unaogopa imani yako isije ikamezwa na utumishi wake. Ninakujibu nikiwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kagera. Mama yangu alizaliwa mwaka 1931 na kulala katika Bwana mwaka 2019, na sehemu kubwa ya maisha hayo aliitwa Mama Mchungaji hata na watu waliokuwa wamemzidi umri.

Jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni kwamba mama hakuipata imani yake kwa baba. Alikulia katika nyumba ya msonge katikati ya migomba na mibuni, binti wa mkulima asiyejua kusoma. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 na serikali ya Kiingereza ikawaweka kizuizini wamisionari wa Kijerumani, sharika za Buhaya, yaani nchi yetu ya Wahaya, zilibaki mikononi mwa wachungaji wachache wazalendo, wainjilisti na wazee wa kanisa. Miaka hiyohiyo uamsho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, ulikuwa ukienea Uganda na Bukoba. Watu walitubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, na majirani waliokuwa hawasalimiani wakaombana msamaha. Mama aliokoka akiwa msichana, katika mkusanyiko wa namna hiyo, kabla hajamfahamu baba. Ninalisisitiza hili kwa sababu miaka mingi baadaye, baba alipovunjika moyo baada ya kuhamishwa usharika bila kuelezwa sababu, ni mama aliyeongoza sala za asubuhi nyumbani mpaka baba alipopata nguvu ya kufungua Biblia tena mbele yetu.

Wokovu wao ulifika hadi jikoni. Kwa mila za Wahaya mwanamke aliwakusanya senene na kuwakaanga, lakini kuwala ilikuwa haki ya wanaume. Baba na mama waliafikiana mapema katika ndoa yao kwamba watakula sahani moja, senene wakiwemo, na bibi mzaa baba alipoliona jambo hilo akasusa kukanyaga kwao kwa muda mrefu. Nina hakika kwamba ushuhuda huo uliwafikia wanawake wa kijiji kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia kuhusu usawa mbele za Mungu.

Kuhusu kazi, sitakuficha. Posho ilikuwa ya baba peke yake, nayo ilitegemea sadaka, kwa hiyo chakula chetu kilitoka katika shamba alilolima mama, ambalo ndilo lililowalisha pia wageni wa usharika, watoto wa kipaimara waliotoka mbali na wanandoa waliogombana usiku. Siku ya mavuno, sadaka za vitu zilinadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Namkumbuka mjane mmoja aliyeleta mayai matatu kwenye kawa, na vijana wakacheka yaliponyanyuliwa juu. Mama akataja bei, kisha akaipandisha yeye mwenyewe, mpaka mzee wa kanisa mwenye duka akaona haya akaanza kushindana naye. Mayai yale yakauzwa kwa bei ya jogoo. Fedha aliyokuwa tayari kuitoa ilikuwa ya mafuta ya taa, na mjane yule alirudi kwake akitembea kama mtu aliyetoa ng'ombe.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia kaskazini ya mto Kagera, nyumba yetu ilijaa waliokimbia. Hata hivyo mtihani mkubwa zaidi wa imani yake ulikuja baadaye, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na walimwogopa mgonjwa kiasi cha kumsukumia chakula mlangoni. Mama aliingia. Alichemsha maji, akamwosha mgonjwa, akaondoa nyasi zilizolowa sakafuni na kutandika nyingine, kisha akaketi na kusoma zaburi polepole ili mgonjwa aweze kuitikia. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo, na karibu wote aliowauguza alikuja kuwazika. Sikumsikia akisema kwamba ugonjwa ule ni adhabu, ingawa maneno hayo yalisemwa hadi mimbarani, na alipowasikia watu wakiyasema aliwauliza ni nani atakayewalea watoto wa marehemu. Baadhi yao walilelewa kwetu, nami ninawaita ndugu zangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachumba wengi hawaliulizi. Nyumba ya mchungaji ni mali ya usharika, na mume akistaafu au akifariki, mjane hutakiwa kumpisha mchungaji mpya. Mama alilijua hilo, akaanza kununua bati mojamoja kwa fedha za kahawa. Baba alipomwambia kwamba Bwana ataona, alimjibu, "Bwana ameshaona, ndiyo maana kahawa imezaa." Baba alipofariki, mama alihamia nyumbani kwake mwenyewe, akaendelea kuongoza ibada ya jumuiya sebuleni hadi macho yalipofifia, na hata hapo aliongoza kwa zaburi alizokuwa amezihifadhi kichwani.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaziwa ndoa kanisani, ketini na mchumba wako mzungumze kuhusu kiwanja kitakachoandikwa majina yenu wote wawili, kuhusu michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na kuhusu kazi yako mwenyewe, kama ni ualimu au biashara, ili usiiache kwa kudhani kwamba usharika utakutunza. Na ile saa yako ya kuomba peke yako, usiiondoe kwenye ratiba hata wageni wakijaa nyumbani. Mama aliitumia kabla ya kuku kuwika, wakati hakuna aliyeweza kumbishia hodi.