Umesoma vizuri, mwanangu

Mara ya kwanza kupewa zamu ya neno kanisani ilikuwa Jumapili ya vijana, na mimi ujana wenyewe nilikuwa nao kwa jina tu. Niliandika kurasa 11, nikazisoma zote, macho kwenye karatasi, mkono mmoja umeng'ang'ania mimbari. Baada ya ibada, bibi mmoja aliyekuwa anasubiri mnada wa ndizi akanishika mkono. "Umesoma vizuri, mwanangu." Nilifurahi mpaka nikapanda daladala, ndipo likaniingia: umesoma. Hakusema nimehubiri.

Tangu hapo nimesimama mara nyingi, kwenye jumuiya, kwenye misiba, hata ibada ya kwanza ya alfajiri. Anayeanza namwambia jambo moja kabla ya mengine: ujumbe wako msimulie mtu nyumbani kwanza. Usimsomee, msimulie. Mimi namsimulia mke wangu akiwa anamenya ndizi. Akiuliza "kwa hiyo?" najua hapo nimejaza maneno. Akiacha kumenya, hapo ndipo penye neno.

Mfano ni ile Luka 15, mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja. Biblia yetu ya Union Version imeandika shilingi, na mtoto yeyote wa sandei skuli anajua shilingi kumi hainunui hata pipi. Nilipoanza kumsimulia, mke wangu akacheka: "Anawasha taa afagie nyumba nzima kwa shilingi moja? Si mafuta yatamla zaidi?" Nikapata pa kuanzia. Nikatafuta, nikakuta kwenye Kigiriki ni drakma, na drakma moja ilikaribia ujira wa kibarua kwa siku nzima. Jumapili nikawauliza kina mama: umeuza nyanya tangu asubuhi, hela umeifunga kwenye pindo la khanga, umefika nyumbani fundo limelegea, hela haipo. Utalala? Wakaguna kanisa zima. Yale maelezo marefu ya toba niliyokuwa nimeyaandaa nikayaacha kwenye karatasi, hayakuhitajika tena.

Karatasi yenyewe siku hizi ni nusu ukurasa, herufi kubwa, maana miwani nayo ina siku zake. Biblia naiwekea alama mapema. Kupekua ukitafuta Habakuki huku watu wote wanakutazama si mchezo. Majina magumu nayasoma kwa sauti tangu Jumamosi.

Muda muulize mchungaji, na akikupa dakika 15 andaa 12, kwa sababu kwaya itaongeza wimbo na matangazo hayajawahi kuwa mafupi. Paulo mwenyewe alivuta maneno hata usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wakamwinua amekwisha kufa, Paulo akamkumbatia, na kijana akarudishwa yu hai. Wewe usijaribu. Na zile dakika za mwanzo usizimalizie kwenye "Bwana Yesu asifiwe" mara sita na kuomba radhi kwamba wewe si msemaji. Wataona wenyewe.

Kitu kingine, habari ya mtu wa usharika usiifanye mfano hata ukificha jina. Niliwahi kutaja "ndugu mmoja aliyegombania mpaka wa shamba". Shingo zote zikageukia benchi la tatu kushoto. Ilinichukua miezi kwenda kuomba msamaha, na chai nilipewa bila sukari.

Mvua ikipiga bati, usishindane nayo kwa kupiga kelele kwenye maiki. Mwaka jana ilinikuta katikati ya neno. Nikamwashiria mwalimu wa kwaya, akaanzisha pambio, tukaimba mpaka ikapungua. Niliporudi nilikuwa nimebakiza dakika nne, nikauruka mfano wa pili, ule niliouhangaikia wiki nzima. Hakuna aliyeuulizia.