Wanafunzi wanaotoweka msimu wa palizi: jibu kwa mwalimu wa darasa

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa: wanafunzi wako wa Kidato cha Pili hupotea msimu wa palizi, barua za wito hazijibiwi, na wengine hawarudi tena. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya michango au makosa tu, akiiona barua yenye muhuri, hukwepa. Mpigie simu siku ya pili ya utoro, jioni akishatoka shambani, na uanze na neno jema kuhusu mtoto kabla ya kuuliza kulikoni. Asipopatikana, mwone mwenyekiti wa kitongoji, ambaye aghalabu hujua mtoto amepelekwa kwa nani. (Mahudhurio yasipoitwa kila asubuhi, haya yote ni kazi bure.) Ukiambiwa kwamba binti ni mjamzito, mweleze mzazi kuwa tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inaruhusu arejee masomoni baada ya kujifungua. Lakini ukishuku ndoa ya utotoni au ukatili wa nyumbani, usianze na mzazi, kwani mtoto anaweza kufichwa. Shirikiana na mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.