Yule nyigu wa kijani anayeng'aa: ni jenasi gani?

Ndugu, kwa maelezo yako, mdudu wa milimita 5 hivi, kijani cha kumetameta, anayejikunja kama mpira ukimgusa, huyo ni nyigu-kekeo, familia ya Chrysididae. Kujikunja huko na tumbo lililobonyea upande wa chini vinamtofautisha na nyuki wa kijani.

Rangi isikupoteze, hubadilika mno hata ndani ya spishi moja. Mimi huanza na ncha ya tumbo, pingili ya tatu inayoonekana juu. Hesabu meno, yaani vichongoka vidogo ukingoni mwake. Yakiwa matatu, fikiria jenasi Trichrysis. Manne au sita, mara nyingi Chrysis, ingawa baadhi yao hawana kabisa. Pengo dogo katikati na tumbo laini kama kioo huelekeza kwa Omalus au jamaa yake Pseudomalus. Ukingo wa mviringo usio na meno? Huenda ni Hedychridium, na hapo utalazimika kutazama kucha za miguu kwa hadubini.

Piga picha tatu: juu, ubavu, na ncha ya tumbo kwa karibu. Usiogope, mwiba wake umedhoofu. Ila spishi usiitaje kwa picha tu. Mpelekee mtaalamu wa wadudu.