Deni la mzazi lisidaiwe kwenye sahani ya mtoto

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza: hali duni na ubaguzi vinawaathiri vipi vijana wetu kiafya na kimasomo? Mimi nitajibu kwa habari ya makande, yale mahindi na maharage ya mchana shuleni.

Ni mzazi, na ni mjumbe wa bodi ya sekondari moja ya kutwa hapa Tanga mjini. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita. Chakula cha mchana kwa wanaosoma kutwa kikabaki juu ya mzazi. Basi kengele ya mchana ikilia, waliochangiwa wanapanga foleni na sahani zao. Wasiochangiwa wanajua wenyewe pa kwenda, ng'ambo ya uwanja, mbali na jiko.

Kijana asiyechangiwa ametoka kwao alfajiri kwa chai kavu, akijaliwa. Umri ule mwili unarefuka upesi, na msichana aliyevunja ungo anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Huku pwani malaria na minyoo navyo vinaimaliza damu hiyohiyo. Kipindi cha hesabu cha mchana kinamkuta kichwa kinagonga, macho mazito. Mwalimu anamwita mvivu. Wenzake wana jina lao jingine. Baadaye anaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na mimi sisadiki kwamba anajisingizia. Aibu ya kila siku inamnyima mtu usingizi na kumkata hamu ya kula, seuze mtoto wa miaka kumi na nne. Mwisho anaona heri utoro.

Njiani nako konda anamwacha kituoni, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na mtu mzima analipa zaidi. Ndipo anapotokea wa bodaboda na lifti na chipsi zake, na sote tunajua yanakoishia. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na ni jambo jema. Ila akiitwa "mama fulani" kuanzia getini, atavumilia mpaka mtihani wa kidato cha nne?

Kikaoni wapo wanaosema tukiwalisha wasiochanga, hata wanaochanga wataacha. Hoja hiyo si ya kupuuza, mahindi hayanunuliwi kwa huruma. Lakini mdaiwa ni mzazi. Aitwe yeye, na akubaliwe kulipa kwa debe la mahindi, kwa kuni, hata kwa kuja kuosha masufuria. Kina mama wauza vitumbua hawana fedha ya mkupuo, mikono wanayo. Asiye na chochote kabisa, mwenyekiti wa mtaa anamfahamu.

Na orodha ya wadaiwa ikae ofisini kwa mhasibu, isisomwe mstarini asubuhi mbele ya shule nzima. Hilo halitaki hata shilingi moja, na ndilo tunalobishania kila kikao.

Mzazi, Ngamiani, Tanga